Dawa za kumwaga kwenye injini: kabla hujanunua kachupa, nisikilize

Mwalimu mmoja wa hapa Tororo, Uganda, mteja wangu wa miaka mingi, gari lake liliingia gereji likivutwa kwa kamba nyuma ya pikapu. Ni Noah ya zamani yenye injini ya 3S, injini ngumu kweli, nazipenda. Siku nne kabla alikuwa amenunua chupa ya kusafisha injini, ile unamwaga kwenye oili ya zamani, unawasha gari unaliacha sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, dakika kumi, halafu unamwaga oili yote unaweka mpya. Alifuata maandishi ya chupa neno kwa neno. Akirudi kutoka Mbale taa ya oili ikawaka, akadhani ni waya tu, akaendelea mpaka akasikia injini inagonga ko-ko-ko ndo akapaki pembeni.

Nilishusha sampu mwenyewe, lile beseni la oili chini ya injini. Lile chujio dogo la waya ambalo pampu inavutia oili, ukubwa wake kama kifuniko cha chupa ya asali hivi, lilikuwa limezibwa lote. Nikakwangua na bisbisi, ikatoka tope nyeusi iliyoganda, na ndani yake vipande bapa bapa kama ukoko wa posho, yaani ugali. Oili ilikuwepo lita nne, safi kabisa, imekaa chini inang'aa, lakini juu kwenye kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, haikufika hata tone. Beringi mbili za konrodi zilikuwa zimeshageuka rangi ya shaba.

Ule mfano wa posho ndio ninaowapa wateja wote. Sufuria iliyoungua ukiilowesha maji ya moto, ukoko hauyeyuki pole pole kama sukari, unabanduka kipande kizima. Injini iliyokaa miaka na oili iliyopitiliza muda wake ina ukoko huo huo, kwenye kuta, chini ya tapeti kava, kwenye njia za oili, na dawa kali ya dakika kumi inaubandua halafu unaenda wapi? Unaanguka kwenye sampu, na kwenye sampu ndiko pampu inakovuta. Kwa injini iliyotunzwa vizuri hiyo dawa haina cha kusafisha, na kwa injini chafu ndio hatari, kwa hiyo sijaona gari ambalo inalifaa hasa. Ukiniletea injini yenye tope nitakwambia tuweke oili nzuri na filta mpya, uende kilomita 1,000, tubadilishe, uende tena 1,500, tubadilishe tena, na kama tope ni nyingi tunashusha sampu tunaosha chujio kwa mkono. Ni kazi ndefu na haina mvuto wa kachupa ka rangi rangi, lakini Noah ya mwalimu ingekuwa barabarani mpaka leo bila kuguswa kranki.

Nimeanza na hiyo kwa sababu iliniuma. Sasa swali ambalo naulizwa kila siku, fundi, hizi dawa za kuongeza kwenye oili na kwenye mafuta zinasaidia au hazisaidii? Jibu langu ni kwamba kwenye oili usiongeze kitu, kwenye mafuta kuna aina moja yenye kazi ya kweli, na hata hiyo si kwa kila gari.

Watu wengi hawajui kwamba oili ya injini ikitoka kiwandani imeshatiwa dawa. Galoni unayonunua si mafuta matupu. Sehemu kubwa ndio mafuta ya msingi, lakini kuanzia asilimia 10 mpaka 25 hivi ni kemikali zilizochanganywa kwa vipimo. Kuna ya kuosha ambayo mara nyingi ina kalisi au magnesi, hiyo pia inaua asidi inayotokana na mafuta yanayoungua. Kuna ya kushika masizi yasigandamane, ndio maana oili inakuwa nyeusi, na oili kuwa nyeusi si ubaya, inamaanisha inabeba uchafu badala ya kuuacha kwenye chuma. Kuna ya kuzuia povu, ya kuzuia oili isiungue na kuwa nzito, ya kuifanya isiwe maji ikipata moto. Na kuna ile ya zinki na fosforasi, mafundi wa nje wanaiita ZDDP, inatumika tangu miaka ya 1940. Hii naiheshimu sana. Pale ambapo kemshafti, mhimili unaofungua valvu, inagandamiza tapeti na oili inakaribia kuisha katikati, joto na mgandamizo vinaifanya ijijenge juu ya chuma kama ngozi, nyembamba mara mamia kuliko unywele, na ngozi hiyo ndiyo inaliwa badala ya chuma, halafu inajijenga tena.

Sasa ukisikia hivyo unaweza kusema basi tuongeze zinki zaidi, si ndio? Hapana. Hizi kemikali zinagombania nafasi kwenye uso wa chuma, ukizidisha moja inaisukuma nyingine. Zinki ikizidi sana inaanza yenyewe kula chuma. Fosforasi yake inaharibu katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye egzosti, ndio maana oili nyingi za kisasa za magari ya petroli zimewekewa kikomo cha asilimia 0.08. Waliopanga dozi hiyo wamewasha injini maabara kwa saa mamia, wakazifungua, wakapima kila pete. Kwenye galoni utaona herufi za API, taasisi ya mafuta ya Marekani, kwa mfano SN, au SP iliyoanza 2020, hizo ndizo zinakwambia oili imepita mitihani ya namna hiyo. Ukimwaga kachupa ka nusu lita kwenye lita nne, ile oili uliyolipia hela nzuri si ile tena, na hakuna mtu aliyeipima huo mchanganyiko wako.

Halafu kuna yale maonyesho ya sokoni, wengi mmeyaona. Kijana anakuja na kamota kadogo, gurudumu la chuma linazunguka, juu yake kuna mkono unaogandamiza beringi. Anaweka oili ya kawaida, mashine inalia, inakwama. Anaweka matone ya dawa yake, gurudumu linazunguka halilii, watu wanapiga makofi na hela inatoka. Mashine haidanganyi, ninachokataa ni maana yake. Mara nyingi dawa hizo zina klorini, na klorini ni nzuri kwa kupunguza msuguano chuma kwa chuma kwa nguvu kubwa, watu wanaokata vyuma viwandani wanaitumia. Ndani ya injini beringi za kranki hazisuguani hivyo kabisa, zinaelea juu ya oili yenye presha. Na klorini ikikutana na joto na mvuke wa maji ambao kila injini inatengeneza, inaweza kugeuka asidi ile ya haidrokloriki. Unaiweka ndani ya injini yako kwa hiari yako.

Kuna na zile za Teflon, nyeupe kama maziwa. Huko Marekani kampuni ya Slick 50 ilishtakiwa na tume yao ya biashara mwaka 1996, mambo yakaisha kwa makubaliano 1997, kwa sababu ya matangazo yaliyosema eti injini ikiwashwa asubuhi haina kinga mpaka uweke dawa yao. Tume ikasema hayo hayakuwa na ushahidi. Na ni kweli, gari likilala usiku oili yote haishuki, utando unabaki, na pampu inajaza njia ndani ya sekunde chache.

Wa boda boda, hii ni yenu, tafadhali someni. Gari lina klachi kavu iko nje ya injini, lakini pikipiki yako ya Boxer klachi inaogelea kwenye oili ile ile ya injini. Juzi kijana mmoja alikuja analia kwamba pikipiki inapiga kelele lakini haipandi mlima na abiria mmoja tu. Nikamuuliza umeweka nini? "Fundi, nimeweka dawa ya gari, jamaa wa stendi alisema inaongeza spidi." Ndugu yangu, dawa inayopunguza msuguano inapunguza na ule wa klachi, na klachi bila msuguano ni sahani zinazoteleza tu. Tulimwaga oili, tukaweka nyingine, bado ikateleza, mwishowe tukabadilisha sahani. Oili ya pikipiki itafute yenye maandishi JASO MA au MA2, hicho ndicho kipimo cha Wajapani cha klachi ya kwenye oili. Oili ya gari iliyoandikwa kwamba inaokoa mafuta, usiiweke kwenye boda.

Tuje kwenye mafuta yenyewe, na hapa niwe mkweli maana si kila chupa ni uongo. Kuna kemikali inaitwa PEA, kirefu chake polietaamini. Inavumilia joto na inaosha kweli nozeli na valvu za kuingizia. Nimeshatumia kwenye magari yanayotetemeka sailensa kwa sababu nozeli imeota utando, tangi moja au mawili, na mtetemo ukapungua nikiwa nimeiskani kabla na baada. Lakini soma chupa, kama haijaandikwa ina nini ndani usiinunue, nyingi ni mafuta ya taa yaliyotiwa rangi na harufu. Na kama gari lako ni D-4, zile Toyota zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kama 1AZ-FSE, jua kwamba petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia kabisa, kwa hiyo hata PEA bora duniani haiwezi kuosha kaboni pale. Itasafisha nozeli tu, valvu unazisafisha kwa kufungua.

Zile za kuongeza okteni, kipimo cha petroli kuvumilia mgandamizo bila injini kugonga, sina haja nazo. Kwanza chupa inasema inaongeza "pointi 30", na pointi huko ni sehemu ya kumi, yaani ni 3 tu, tena ukiweka kwenye tangi dogo. Nyingi zina manganizi inayoacha unga mwekundu kama kutu kwenye plagi, nimezitoa plagi za hivyo. Na sisi tunakaa juu, Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, Kampala karibu 1,200, hewa hapa ina presha pungufu kama asilimia 13 kuliko Mombasa, kwa hiyo injini isiyo na tabo inagandamiza hewa kidogo na haina haraka ya kugonga. Ikigonga hapa Uganda angalia joto, angalia taimingi, na angalia ulikojaza, maana petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inashusha okteni vibaya. Serikali ina mpango wa kutia alama kwenye mafuta ili kukamata uchakachuaji. Wewe jaza sehemu unayoiamini na utunze risiti. Zile za kuzuia diseli isigande kwa baridi hata sizungumzii, labda kama unaishi juu ya Rwenzori.

Madereva wa trela wanaopita hapa kutoka Malaba wana desturi ya kuweka oili ya tu-stroki kwenye diseli, wanasema inalainisha pampu. Mzee mmoja wa Mombasa tulibishana naye chai nzima. Ana hoja, sio mjinga. Diseli ya zamani ilikuwa na salfa nyingi na ilikuwa laini, tangu 2015 Afrika Mashariki tumekwenda kwenye diseli ya salfa 50 ppm, na kule kiwandani wakitoa salfa wanaondoa pia vitu vilivyokuwa vinalainisha. Lakini nikamwambia, mzee wangu, wauzaji wanarudisha dawa ya kulainisha kabla mafuta hayajaingia kwenye pampu ya stesheni, na hivi vipimo vipo. Pampu yake ya zamani ya mstari inaweza kuvumilia oili kidogo, trela mpya yenye komonreli, yaani bomba moja la presha linalolisha nozeli zote, presha inafika bar 2,000 na matundu ya nozeli huyaoni kwa macho, usithubutu. Yeye kinachomuua nozeli ni maji, na filta yake ya maji hakuwahi kuifungua tangu Nairobi. Tuliifungua hapo hapo, ikatoa maji nusu glasi.

Na wenye gari linalokula oili na kutoa moshi wa buluu, dawa za kuzuia moshi zinaifanya tu oili iwe nzito, moshi unapungua wiki mbili tatu, unauza gari, mnunuzi anakuja kwangu. Injini za 1ZZ za mwanzo zinajulikana kwa hili, matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo, yakiziba pete zinaganda. Hiyo ni kazi ya pistoni na ringi. Kama hela haipo bado, pima oili kila Jumamosi asubuhi gari likiwa limelala, ongeza ile ile unayotumia, na usivuke kilomita 5,000 bila kubadilisha oili.

Aliyeshamwaga kachupa wiki hii na sasa ana wasiwasi, kwanza kama taa ya oili inabaki kuwaka, zima gari na usiliwashe tena. Kama haiwaki, badilisha oili na filta mapema, kilomita 500 hivi, mwaga ile ya zamani kwenye beseni safi na uichuje kwa kitambaa cheupe. Ukiona chembe zinazong'aa au vile vipande vya ukoko, lete gari tushushe sampu.