Vinanda vya zamani vingi haviharibiki vyenyewe, tunaviharibu sisi mafundi wa nyumbani

Mtu akipata sinthesaiza ya miaka ya 80 inayokoroma au iliyogoma kabisa, akiuliza tu, ndani ya nusu saa ameshapewa ushauri wa aina kumi, na aina nane kati ya hizo ni sumu. Mimi nimevifungua vya kutosha sasa na niseme ukweli, baadhi aliyeviua ni mimi mwenyewe, kwa hiyo naongea kama mtu aliyeshaungua vidole.

"Kitu cha kwanza badilisha kapasita zote"

Hii ndio dhana inayoniuma kuliko zote. Ni kweli kapasita za maji (vile vikopo vidogo vya kutunza chaji kwenye bodi) zinazeeka, maji yake yanakauka taratibu, hasa zile za pawa saplai zinazokaa karibu na joto. Lakini kutoka hapo hadi kung'oa kila kapasita kwenye bodi ya miaka arobaini ni safari ndefu sana, maana njia za shaba kwenye bodi za zamani zinabanduka kirahisi ukizidisha joto, na kila kapasita unayong'oa ni nafasi mpya ya kubandua njia au kugeuza hasi kuwa chanya. Niliwahi kubadilisha kapasita kama sitini kwenye kinanda ambacho kosa lake lilikuwa mngurumo tu, moja nikaiweka kinyume, ikapasuka paa! chumba kizima kikanuka, halafu baadaye ndio nagundua mngurumo ulitokana na risasi ya kuchomea iliyopasuka kwenye tundu la jeki ya kutolea sauti. Yaani dakika mbili za pasi ya kuchomea risasi.

Anza na mita. Pima pawa saplai, vingi utakuta vina volti 5 za upande wa dijitali na 15 chanya na 15 hasi za upande wa sauti. Ile ya 5 ikishuka chini ya 4.75 chipu za zamani zinaanza vituko, skrini inaandika mauzauza, kii zinajipiga zenyewe, na mtu anadhani kompyuta ya ndani imekufa kumbe ni njaa ya umeme tu. Kapasita iliyochoka ibadilishe, iliyo nzima iache na maisha yake.

"Betri ikiisha kinanda ndio basi"

Hapa kuna mambo mawili watu wanayachanganya. Yamaha DX7 ya mwaka 1983 ina betri ya CR2032 iliyochomewa kwenye bodi, kazi yake ni kutunza zile sauti 32 za ndani. Ikiisha sauti zinageuka takataka lakini mashine ni nzima, unaweka betri mpya, bora uweke na kishikio chake ili siku nyingine usichomee tena, halafu unarudisha sauti kwa MIDI (njia ya vinanda na kompyuta kupeana maagizo). Ukiwahi kabla haijaisha, hamishia sauti zako kwenye kompyuta kwanza ndio ufungue.

Sasa Korg Polysix ya 1981 ni kesi nyingine kabisa, ile ina betri ya nikeli na kadimiamu inayochajiwa, na ikizeeka inavuja, na kinachovuja kinatafuna njia za bodi inayoitwa KLM-367 hadi kinanda kinakuwa kichaa. Hii usisubiri iishe, itoe hata kama kinanda kinaimba vizuri! Uchafu wake ni alkali, kwa hiyo unaukata na siki kidogo kwenye pamba, unasuuza, unamalizia na spiriti ya isopropili, unaacha ikauke kabisa. Na tafadhali usiweke betri ya lithiamu isiyochajiwa pale pale bila kuweka dayodi ya kuzuia chaji, kwa sababu saketi itaendelea kuichaji na betri ya namna hiyo ikichajiwa inaweza kupasuka.

"Slaida zinakwaruza? Piga WD-40"

Hapana. Slaida ni vile vidhibiti vya kusukuma juu na chini, na WD-40 ni mafuta ya kupuliza. Inasafisha leo, kesho mafuta yake yanashika vumbi na unarudi palepale ukiwa na tope. Tumia spirei ya kusafishia kontakti za umeme, na kwa slaida tafuta ile inayoacha ulainishi maalumu wa slaida. Kidogo tu, usiogeshe.

"Sauti moja imekufa, tafuta kinanda kingine"

Roland Juno-106 ya 1984 ndio mfano maarufu. Ina sauti sita, yaani inapiga nota sita kwa pamoja, na kila sauti ina chipu yake ya 80017A iliyofunikwa na utomvu mweusi, na utomvu huo ukizeeka unaanza kupitisha umeme kidogo mahali ambapo haukutakiwa upite. Unakuta unapiga nota tano zinaitika, ya sita imenuna au inapasua. Watu wanang'oa chipu, wanailoweka kwenye asetoni siku kadhaa, utomvu unabanduka na mara nyingi chipu inafufuka, sio zote. Ila iloweke chipu peke yake, asetoni ikidondokea kwenye kii au jalada la plastiki inaliyeyusha. Kama hutaki kubahatisha kuna chipu mbadala mpya zinazotengenezwa kwa ajili ya hii kazi.

Na kii ikigoma wala usifikirie chipu kwanza. Kwenye vinanda vingi chini ya kii kuna mpira wenye vidoti vyeusi vya kaboni vinavyogusa bodi, vumbi likiingia kii inanyamaza, au inapiga kwa nguvu zote hata ukiigusa kwa upole, maana kwenye vinanda vinavyohisi nguvu ya kidole kila kii ina vidoti viwili na kinanda kinapima muda kati ya kimoja na kingine ili kijue umepiga kwa nguvu kiasi gani. Isopropili na pamba, pangusa bila kusugua. Kuhusu ule ushauri wa kupaka penseli, unafanya kazi wiki mbili halafu unga wake unasambaa kwenye bodi.

"Adapta ikiingia kwenye tundu imekubali"

Hii imeua vinanda vingi sana jamani. Tundu linafanana lakini Casio nyingi za zamani zinataka volti 9 huku hasi ikiwa katikati, Yamaha nyingi zinataka 12 huku chanya ikiwa katikati, na kuna vifaa vingine vinataka adapta inayotoa AC kabisa. Soma kamchoro kadogo pembeni ya tundu. Volti lazima zilingane, ila ampea zikizidi kwenye adapta hakuna tatizo, kinanda kinavuta kinachokihitaji tu, kwa hiyo wale wanaosema ampea nyingi zinaunguza wanakutisha bure. Na mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100, ukiichomeka kwenye 230 hutarudia tena.

Pedali ikifanya kazi kinyume, yaani sauti inajivuta ukiwa hujaikanyaga, haijafa. Vinanda vingi vinajifunza aina ya pedali pale vinapowashwa, kwa hiyo zima, ondoa mguu, washa tena. Na waya wa MIDI hausafirishi sauti, unasafirisha maagizo tu, usikae unaulaumu kwa mngurumo wa spika.

"Nimechomoa, kwa hiyo ni salama"

Kapasita kubwa za pawa saplai zinabaki na chaji. Kwenye saplai za swichi (zile nyepesi zisizo na transfoma kubwa), umeme wa 230 ukishanyooshwa unafika kama volti 325, na huo unaua mtu, sio kinanda. Zimwagie chaji kwa rizista, sio kwa bisibisi, halafu pima uhakikishe. Fyuzi ikikatika weka ya kiwango kilekile, karatasi ya sigara kaa nayo mbali.

"Tyuni imehama, zungusha skrubu za ndani"

Sinthesaiza za analogi kama Minimoog zinahama tyuni zikiwa baridi, ndivyo zilivyo. Washa, iache ipate joto hata nusu saa ndio uhukumu. Kuna watu wamezungusha vitrima vyote, yaani hizo skrubu za kurekebishia, saa ileile walipowasha, asubuhi, mashine baridi kama jiwe, halafu wananiletea wakisema "kilikuwa kimehama kidogo tu". Ukiona lazima ukiguse, piga picha kwanza, weka alama ya kalamu kwenye kila kitrima, gusa kimoja, sikiliza. Mimi mpaka leo kuna kinanda hapa mezani ambacho sikuweka alama.