Uwakilishi wa Uwiano: Kura Inavyogeuka Kuwa Kiti

Uwakilishi wa uwiano ni utaratibu wa uchaguzi ambao chama hupewa viti bungeni kwa kadiri ya kura kilizopata nchi nzima, bila kujali kimeshinda majimbo mangapi. Sisi Watanzania tunawachagua wabunge wa majimbo kwa wengi wape: aliyewazidi wenzake, hata kwa kura moja, ndiye anayekwenda Dodoma.

Asubuhi ya baada ya uchaguzi, huku Uyole, fomu ya matokeo hubandikwa kwenye mlango wa darasa na watu husogea kufuatisha tarakimu kwa kidole. Mkulima wa viazi ambaye mgombea wake ameshindwa jimboni hurudi shambani akijua kwamba kura yake ya ubunge haitamwingiza mbunge yeyote wa jimbo bungeni.

Kura za namna hiyo zikijumlishwa huwa nyingi mno. Mwaka 1995 chama cha NCCR-Mageuzi kilipata takriban asilimia 22 ya kura za ubunge, kikaambulia viti 16 kati ya 232 vya majimbo, ilhali chama cha CUF, kilichopata kama asilimia 5 tu, kilichukua viti 24, kwa kuwa kura za CUF zilikuwa zimekusanyika Zanzibar, hasa Pemba. Kwa uwiano, NCCR ingepata viti 50 hivi na CUF visivyozidi 12. Mimi hesabu hiyo inanikera hadi leo.

Wala uwiano si mgeni kwetu, maana viti maalum vya wanawake hugawiwa vyama kwa kufuata kura za ubunge, mradi chama kimefikisha asilimia 5.

Afrika Kusini imetumia uwiano tangu 1994, na mwaka 2024 chama cha ANC, kwa asilimia 40 ya kura, kilipata viti 159 kati ya 400. Hofu yangu ni orodha ya majina ya wagombea wanaojaza viti hivyo, ambayo chama ndicho huiandalia mpangilio: barabara ya Makete ikiharibika wakati wa masika, wananchi watamfuata nani? Ndiyo maana naona tujifunze zaidi kwa Lesotho, yenye wabunge 80 wa majimbo na viti 40 vya kusawazisha uwiano, ili mwananchi abaki na mbunge wake anayemfahamu na kura ya aliyeshindwa nayo ihesabiwe. Lakini hata hapo ningetaka sheria idai kwamba mpangilio wa majina upigiwe kura na wanachama wilayani, kabla orodha haijafika makao makuu.