Mnong'ono wa nyangumi na mngurumo wa mashine

Kusi likishashika, kati ya Julai na Oktoba, nyangumi nundu hufika kwenye maji yetu wakitokea bahari ya baridi ya Antaktika. Wanakuja kupandana na kuzaa, na huko Kizimkazi, kusini mwa Unguja, huonekana wakipita, mama na mtoto ubavu kwa ubavu. Dume huimba kwa saa nyingi na wimbo wake husikika mbali. Mama na mtoto hunong'onezana.

Watafiti waliwabandika nyangumi hawa vinasa sauti katika ghuba ya Exmouth, magharibi mwa Australia, wakachapisha walichosikia mwaka 2017: vijisauti vya chini mno, visivyofika mbali. Mtoto akipiga kelele anaweza kumwita nyangumi muuaji, kwa hiyo anaongea na mama yake kwa siri. Sasa boti ya mashine ikipita jirani, mnong'ono ule unamezwa wote. Mtoto anaita, mama hasikii. Mimi nikiulizwa kelele zina ubaya gani baharini, huanza na hapo.

Baharini sikio hufanya kazi ambayo nchi kavu tunaifanya kwa macho. Mwanga hufifia upesi ndani ya maji, na ukipita mita 200 kwenda chini karibu hauoni kitu. Sauti nayo hukimbia mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Pomboo hutoa milio mifupi na kusikiliza mwangwi wake, akajua samaki yuko wapi. Aliyezamia kwenye matumbawe anaijua ile sauti ya kama vitunguu vinavyokaangwa. Ni kamba wadogo wanaoalisha gando lao, kama mtu anavyoalisha vidole. Samaki wachanga waliochukuliwa na mkondo hufuata sauti za mwamba ili wapate pa kuishi. Wavuvi wetu hawahitaji kuambiwa kwamba samaki husikia: wapo wanaopiga maji kwa miti ili kuwasukuma wavuni.

Kelele zetu ni za aina nyingi. Iliyoenea zaidi hutoka kwenye rafadha za meli: zikizunguka kwa kasi hutengeneza viputo, na viputo vinapopasuka hutoa mngurumo usiokatika. Mwaka 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba 11 nchini Marekani, meli zilipungua ghafla katika ghuba ya Fundy, Kanada. Kelele zikashuka kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kinyesi cha nyangumi wa huko kikaonyesha kuwa homoni za msongo wa mwili zimeshuka pia. Kumbe siku zote walikuwa wakiishi na msongo ule, na hakuna aliyeujua mpaka bahari ilipotulia.

Kelele nyingine hupiga mara moja na kuua. Mwaka 2008, pomboo wa bahari kuu wapatao 100 waliingia kwenye hori la Loza, kaskazini magharibi mwa Madagaska, wakakwama na wengi kufa. Jopo huru la wanasayansi lilisema mwaka 2013 kwamba kichocheo kinachoelekea zaidi ni chombo cha kupima sakafu ya bahari kwa sauti, kilichokuwa kikitumiwa na meli ya upimaji kilomita 65 hivi kutoka hapo. Watu huniuliza pia kuhusu mamia ya pomboo waliokufa Nungwi Aprili 2006. Uchunguzi haukuthibitisha chanzo, kwa hiyo siwatumii kama ushahidi.

Kwetu Tanzania kelele mbaya kuliko zote imekuwa baruti ya kuvulia samaki. Mlipuko hupasua kibofu cha hewa cha samaki, na wengi huzama chini bila hata kuokotwa. Tumbawe nalo hubaki kifusi. Mwaka 2015, kati ya Machi na Aprili, chombo chenye maikrofoni za majini kilipita pwani yote ya Tanzania Bara kwa siku 31. Kilinasa milipuko 318, karibu asilimia 62 ikiwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Vyombo vya dola vilipokaza kamba miaka iliyofuata, milipuko ilipungua sana. Tusiwaonee haya wanaotaka kuirudisha.

Plastiki ikiingia baharini hukaa miaka mingi. Kelele huisha papo hapo mashine inapozimwa. Meli nyingi zikipunguza mwendo, mngurumo wake hushuka. Na nahodha wa boti ya watalii hahitaji kifaa chochote kipya. Utafiti uliofanywa kusini mwa Unguja na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba pomboo wakizongwa na boti hupunguza kupumzika na kutafuta chakula, wakabaki kuogelea tu.

Kwa hiyo nahodha, ukiwaona, punguza mwendo ukiwa bado mbali. Usiwakate njia wala usiingie katikati ya mama na mtoto. Wajie ubavuni, polepole, kisha zima mashine. Wageni wako wataanza kulalamika kwamba hawaoni kitu. Waambie wasubiri, pomboo wakitaka, watakuja wenyewe.