Gia 27 hazikupandishi Chunya

Wiki hii nimeulizwa tena, mara ya tatu: "Fundi, nitafutie baiskeli ya gia 27, naenda Chunya halafu nishuke Kyela." Kisa, aliyonayo ina gia 21. Jamani, mlimani wingi wa gia haukusaidii chochote. Kinachokusaidia ni gia moja tu, ile nyepesi kuliko zote, na wepesi wake unahesabiwa kwa meno.

Pindua baiskeli, magurudumu juu. Weka cheni kwenye sproketi ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma, tia alama ya chaki kwenye tairi, kisha zungusha pedeli mara moja. Ya kijana huyu aliyeniuliza ilikuwa na meno 28 mbele na 28 nyuma: pedeli raundi moja, gurudumu raundi moja, kama mita mbili za barabara. Ingekuwa 22 mbele na 34 nyuma, raundi hiyo hiyo ingemsogeza mita 1.3 hivi. Mwendo wa taratibu, lakini unabaki juu ya siti na magoti yanasalimika. Baiskeli ya mbio ya gia 27 yenye 30 mbele na 25 nyuma ni nzito kuliko hiyo yake! Tena gia nyingi zinarudiana: 48 kwa 24 na 28 kwa 14 ni kitu kilekile.

Mbeya mjini, unakoanzia safari, ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara ya Chunya inavuka mita 2,400. Mzigo wa kilo 15 huusikii Mwanjelwa mjini, utausikia Kawetere mlimani. Kwa hiyo usinunue baiskeli nyingine. Badilisha friwili, yaani lile fungu la sproketi za nyuma, weka yenye sproketi kubwa ya meno 34, ongeza pingili za cheni zikihitajika, na hakikisha kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni kinaifikia.

"Kyela ni mteremko mtupu." Si kweli. Ukitoka Uyole, pembeni mwa Mbeya, unapanda kwanza hadi kuvuka mita 2,000, ndipo unashuka kuelekea Ziwa Nyasa lililo kwenye mita 475 hivi. Huko usining'inie kwenye breki mfululizo, rimu itapata moto hadi tyubu ipasuke. Bana kwa nguvu, achia, bana tena. Na mvua ya Rungwe ikichanganyika na mchanga inakula mipira ya breki upesi. Beba jozi ya akiba.

Shokapu? Inaongeza uzito na inameza nguvu zako ukipanda. Tairi pana ya inchi 2, isiyojazwa ikawa jiwe, inatosha kwa changarawe.

Begi la mgongoni usilitaje mbele yangu. Mzigo unakaa kwenye keria, chini, umegawanywa pande mbili sawasawa.

Wengine wanaikataa fremu ya chuma kwamba ni ya kizamani. Ikipasuka Makete, mchomeleaji yeyote anaiunga. Alumini, sahau.

Na spoki. Watu wanabeba tyubu tatu, spoki hata moja hawana. Zinazokatika ni za nyuma, upande wa friwili, kwa sababu gurudumu la nyuma ndilo linalobeba mzigo, na upande huo spoki zimekazwa zaidi. Funga tatu za urefu uleule kwenye fremu kwa mpira, pamoja na kifaa cha kufungulia friwili, maana isipotoka friwili spoki mpya haiingii.