Chumbe: anasa isiyojionyesha, na yanayosemwa juu yake

Mwambie mtu wa mjini kwamba umelipa pesa nzuri kwenda kulala kisiwani ambako hakuna kiyoyozi, hakuna televisheni, hakuna bwawa la kuogelea. Atakuuliza umetapeliwa na nani. Nimeulizwa hivyo zaidi ya mara moja kuhusu Chumbe, kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe kilicho kama kilomita 12 kusini-magharibi mwa Mji wa Zanzibar. Nakipenda kisiwa hiki, na kila nikisikia yanayosemwa juu yake natamani kuyanyoosha.

La kwanza ni hili: "Kibanda cha makuti, kama kwa bibi kijijini." Makuti ni kweli, na heshima kwa bibi, maana alijua anachofanya. Paa la makuti lenye mwinuko mkali hutiririsha mvua upesi na halishiki joto kama bati. Nyumba za wageni ziko 7 tu. Chumba cha kulala kiko juu, na ukuta wa makuti upande wa mbele hushushwa kwa kamba. Ukiushusha, umelala na bahari mbele yako na upepo unaingia wenyewe. Kiyoyozi ungekiweka wapi?

Halafu maji. Watu hudhani kila kisiwa kina kisima. Chumbe hakina maji yasiyo ya chumvi hata tone, kwa hiyo kila nyumba inakinga mvua kwa paa lake, maji yanachujwa na kuhifadhiwa kwenye tangi chini ya sakafu, na ya kuoga yanapashwa moto na jua. Unayooga leo ni mvua iliyonyesha juu ya kitanda chako.

Linalowatisha wengi zaidi ni choo. "Choo kisicho na maji? Si kitanuka!" Wanakumbuka choo cha shimo, na kumbukumbu hiyo naielewa. Lakini harufu huletwa na uchafu uliolowa na kukosa hewa. Choo cha mboji kinafanya kinyume: ukimaliza unamwagia mboji kavu, bomba linavuta hewa kwenda nje, na vijidudu vinageuza kila kitu kuwa udongo. Sababu yake iko chini ya miguu yako. Jiwe la matumbawe lina matundu tele; shimo lolote la maji machafu lingevuja hadi baharini, mbolea ile ikalisha mwani, na mwani ukayafunika matumbawe hai. Hata maji ya kuoga hupitishwa kwanza kwenye kitalu cha mimea inayoyachuja. Mimi hiyo naiita anasa: kuogelea asubuhi juu ya mwamba wenye aina zaidi ya 400 za samaki, ukijua hujauchafua.

"Kisiwa binafsi ni mali ya tajiri, mwenyeji haingii." Zanzibar ardhi ni mali ya umma, na mwekezaji hukodishwa. Chumbe kinaendeshwa na kampuni isiyotafuta faida iliyoanzishwa mwaka 1991. Serikali iliutangaza mwamba wa upande wa magharibi kuwa hifadhi mwaka 1994, na msitu ukafuata mwaka 1995. Miongoni mwa walinzi wake wamekuwamo waliokuwa wavuvi, watu wanaoijua bahari ile kwa mkono. Na watoto wa shule za Zanzibar huletwa kujifunza. Wapo wanaozamisha uso majini na kuona tumbawe hai kwa mara ya kwanza ingawa wamezaliwa ufukweni. Kulala usiku mmoja, nakiri, bado ni ghali kwa wengi wetu.

Hapo ndipo linapokuja swali la haki: kama hakuna kiyoyozi, bei kubwa ya nini? Nyumba 7 haziwezi kuchukua watu wengi. Hao wachache ndio wanaobeba gharama za boti, chakula kinachovushwa kutoka Unguja, mishahara, doria za walinzi na safari za wanafunzi. Ukiongeza vyumba, bei ingeshuka, na mwamba ungeanza kufa.

"Utachoka, hakuna la kufanya." Panda mnara wa taa wa mwaka 1904 uione bahari pande zote. Maji yakipwa, tembea kwenye vidimbwi. Msituni yumo paa nunga, swala mdogo wa msituni, adimu hata Unguja kwenyewe. Usiku ukiingia, fuatana na mlinzi mwenye tochi hadi kwenye mizizi ambako kaa wa minazi wanatoka. Ni kaa mkubwa kuliko wote waishio nchi kavu, anaweza kufika kilo 4, na gando lake linavunja nazi. Anapita polepole karibu na vidole vyako vya miguu, anapapasa jani kavu, anaendelea na safari yake. Mlinzi anainamisha tochi ili mwanga usimsumbue, na mnasimama gizani mkisikiliza kucha zake juu ya jiwe.