"Kabla ya Columbus" si kabila

Video za utalii kwa Kiswahili zimekuwa nyingi, na ni jambo zuri, ila kuna usemi humo umenichosha: "watu wa kabla ya Columbus". Msimulizi anaonyesha piramidi za Teotihuacan kule Meksiko, anasema hao ndio waliozijenga. Dakika mbili baadaye yuko Machu Picchu, magofu ya Wainka milimani Peru, na wajenzi ni hao hao, kana kwamba fundi alimaliza kazi huku, akachomeka mwiko kiunoni na kuhamia kule. Kati ya sehemu hizo mbili kuna zaidi ya kilomita 4,000, na kati ya ujenzi wa huku na wa kule imepita zaidi ya miaka elfu moja.

Maana yenyewe haina makuu. Ni lebo ya wanahistoria, makumbusho na waandaaji wa safari kwa ajili ya kila kilichokuwepo katika mabara ya Amerika kabla ya Wazungu kuingia na kuvuruga mambo. Alama yake ni mwaka 1492, Columbus alipotia nanga katika visiwa vya Bahamas. Basi. Haisemi lolote kuhusu lugha, dola wala mtindo wa ujenzi.

Wala haipimi ukale. Husuni Kubwa, lile jumba la kifalme la Kilwa, ilijengwa karne ya 14, kwa hiyo ni kongwe kuliko Machu Picchu, ambayo ni ya karne ya 15. Hakuna anayeiita Kilwa magofu ya kabla ya Columbus, na ni sawa asiiite hivyo, maana Columbus hakuwa na lolote kule. Lebo hii ni ya Amerika tu.

Hata huko Amerika, mwaka wenyewe umekaa vibaya. Columbus hakukanyaga Peru, wala hakufika Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki. Karibu zaidi alipofika ni mwaka 1502, katika safari yake ya nne, alipokutana na mtumbwi mkubwa wa wafanyabiashara karibu na kisiwa cha Guanaja, Honduras, umesheheni nguo za pamba na kakao. Akachukua baadhi ya bidhaa zake, akaendelea na safari. Tenochtitlan ilianguka mikononi mwa Wahispania mwaka 1521. Atahualpa, mtawala wa Wainka, alikamatwa Cajamarca mwaka 1532. Wainka waliokimbilia Vilcabamba walishikilia uhuru wao mpaka 1572, na Wamaya wa Nojpetén, huko Guatemala ya leo, mpaka 1697. Kwa hiyo chungu kilichofinyangwa Cuzco, mji mkuu wa Wainka, mwaka 1520 kitawekwa kabatini na kuandikwa "kabla ya Columbus", wakati Columbus mwenyewe alikwisha fariki mwaka 1506. Ndiyo maana wenyeji wa Meksiko na Peru hupendelea kusema "prehispánico", yaani kabla ya Wahispania. Nao msemo huo una kasoro zake, lakini angalau unamtaja aliyefika kweli.

Haya ya tarehe ningeyavumilia. Kinachoniudhi ni kuwachanganya watu.

Chukua Teotihuacan. Kila siku mgeni anaambiwa ni mji wa Waazteki. Teotihuacan ilikuwa jiji kubwa katika karne za kwanza baada ya Kristo, na kufikia karne ya 7 ilikuwa imeshasambaratika. Wamexica, ambao ndio tunaowaita Waazteki, waliasisi Tenochtitlan kwa mapokeo yao mwaka 1325. Walipoikuta Teotihuacan, jiji lile lilikuwa gofu tayari, na hata jina tunalolitumia ni la lugha yao, Kinahuatl. Wajenzi waliliitaje, hatujui. Wamexica walilistaajabia kama sisi. Walichukua vitu vyake wakavifukia kama sadaka katika hekalu lao kuu, Templo Mayor, katikati ya Mexico City ya leo. Humo humo wanaakiolojia walikuta kinyago cha jiwe cha Waolmeki, watu waliotangulia dola ya Wamexica kwa zaidi ya miaka elfu moja. Yaani Wamexica nao walikuwa na mambo yao ya kale, na waliyathamini. Ukiwa na mwongozaji anayeijua akiolojia, mbele ya kabati la kinyago hicho ndipo atakaposimama muda mrefu. Asiyeijua atakupitisha akikimbilia dhahabu.

Peru nako sifa zote wanapewa Wainka. Dola yao ilidumu karne moja hivi. Chan Chan, ule mji mpana wa matofali ya udongo karibu na Trujillo, ni wa Wachimú. Wainka waliuteka tu, mnamo 1470. Kaburi la Bwana wa Sipán, ambalo Walter Alva alianza kulichimbua mwaka 1987 baada ya wezi wa makaburi kuvamia eneo hilo, ni la Wamoche, karne nyingi kabla ya Mwinka wa kwanza kutawala. Na Caral, kaskazini mwa Lima, ilikuwa na majengo yake makubwa miaka 2,600 hivi kabla ya Kristo, zama za piramidi za Misri. Kutoka Caral hadi Atahualpa ni miaka elfu nne, nasi tunaifunga yote kwa jina la baharia kutoka Genoa.

Halafu kuna "ustaarabu uliotoweka". Uliotoweka wapi? Vijiji vinavyoizunguka Palenque, magofu ya Wamaya kusini mwa Meksiko, vinazungumza Kich'ol, lugha ya Kimaya iliyo jamaa wa karibu wa ile iliyochongwa kwenye kaburi la mfalme wake Pakal, lililofunguliwa mwaka 1952. Wasemaji wa Kikechua, lugha ya dola ya Wainka, kule kwenye milima ya Andes ni mamilioni. Miji ilihamwa, wafalme wakaisha, watu wapo.

Sisemi lebo itupwe. Kwenye tangazo la safari inayopita nchi tatu inafaa, maana hakuna neno jingine fupi la kuzikusanya zote. Ila ukishafika kwenye picha moja, au umesimama na wageni mbele ya jiwe moja, taja watu wake na karne yake, haichukui nafasi. Na lile Jiwe la Jua, duara kubwa la jiwe la kuchongwa lililofukuliwa mwaka 1790 pale Mexico City, ndugu zangu wa video, ni la Wamexica. Si kalenda ya Wamaya.