Vitundu vinne ukutani

Kazi yangu ni kuthamini majengo, na katika miji ya reli ya kati huku Dodoma nikiingia ghala la zamani, kwanza naangalia ukuta wa nyuma, juu kabisa. Juzi mwenye ghala moja la alizeti aliniambia vile vitundu vinne ni vya kupitisha hewa. Hewa gani hiyo inayopita viwili viwili?

Pale palikuwa sinema. Katika kila jozi, kitundu kimoja kilipitisha mwanga wa projekta, kingine kilikuwa cha jicho la opereta. Jozi mbili maana yake mashine mbili. Rili, yaani gurudumu la mkanda wa filamu, ya futi 2,000, kwa picha 24 kila sekunde, huisha kwa dakika kama 22. Ikikaribia kuisha, doa dogo linatokea kwenye kona ya juu kulia ya picha. Opereta anawasha mashine ya pili. Filamu ya Kihindi ya saa tatu ilikula rili nane au tisa. Penye mashine moja, taa ziliwashwa kila rili ikibadilishwa, na miluzi juu.

Kando ya vitundu kuna mifereji ya vifuniko vya chuma. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu nyingi zilikuwa za nitrati, aina ya plastiki inayowaka hata ukiizamisha majini, kwa kuwa hujitengenezea oksijeni. Moto ukizuka, vifuniko vilidondoka ili usiwafikie watazamaji.

Sakafu mwenye ghala ameshaisawazisha kwa zege, lakini mstari wa rangi ya zamani ukutani bado unashuka kuelekea palipokuwa na pazia.

Wengi husema sinema ziliuawa na sheria ya mwaka 1971, iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sikubaliani nao sana. Kumbi ziliendelea kujaa miaka mingi baadaye, ingawa ni kweli paa la Msajili wa Majumba, aliyekabidhiwa majengo hayo, halikuwa na wa kulionea uchungu. Kilichozimaliza ni kaseti za video za miaka ya 1980, kisha televisheni ya Bara mwaka 1994. Kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, kinataka mabenchi na runinga moja tu.

Jengo lisilo na madirisha, lenye sakafu ya mteremko, utalifanyia nini? Ghala, kanisa, disko.

Mwenye ghala akauliza kama vitundu vinaongeza bei. Fomu yangu haina safu yake. Nikaviandika kwenye "mengineyo", nikamwomba asivizibe.